Nimetoka Mkolani na gia 21, nimerudi na moja (Mwanza – Busisi – Sengerema – Kamanga kwa baiskeli)

Ngosha wa Mkolani (#1)

Wakuu, habari za wikendi. Wakubwa shikamooni.

Kuna mdau aliwahi kuuliza humu kama mtu anaweza kuzunguka ghuba ya Mwanza kwa baiskeli kwa siku moja. Akajibiwa na watu watatu, wote wenye magari. Jumamosi nimeamua kwenda mwenyewe. Inawezekana. Nimepata shida, lakini shida nilijitafutia, kama mtakavyoona.

Kwa wasiojua njia: unatoka mjini kwa barabara ya Shinyanga, unapita Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa, hadi Usagara. Hapo unakunja kulia kwenda Kigongo, unavuka daraja, unatokea Busisi, unashika njia ya Sengerema. Sengerema unaiacha lami ya Geita, unarudi upande wa ziwa kupitia Katunguru hadi Kamanga, unapanda kivuko, unashuka katikati ya mji wa Mwanza. Ni duara. Jumla ni kama kilomita mia hivi. Kwa tambarare za Kahama mia ni matembezi, lakini huku kwetu ukimaliza kupanda jiwe moja unaliona lenzake limekaa linakusubiri.

Baiskeli ni mtumba niliochukua soko la Mlango Mmoja, zile za milimani, tairi inchi 26, sproketi tatu mbele na saba nyuma. Kwenye keria nilifunga tyubu moja ya akiba, pampu, viraka na solusheni, spana mbili, maji lita tatu, na mfuko wa matobolwa aliyonipa mama mkwe. Mtu asiyejua matobolwa: ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Unatafuna kimoja kilima kizima, taya nazo zinapata mazoezi.

Nimetoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kwetu jua linachomoza karibu saa moja kasorobo, kwa hiyo saa nzima ya kwanza ni tochi kichwani na taa nyekundu nyuma. Sehemu hii sikuipenda. Lori likikupita kwa kasi, kwanza upepo wake unakusukuma nje, likishapita unakuvuta ndani. Ukikaza mikono unayumba. Legeza viwiko, angalia mbali, acha baiskeli ijiweke sawa yenyewe. Kabla ya Usagara kumeshapambazuka, moshi wa majiko ya mama ntilie umetanda barabarani, nikanywa chai na chapati mbili nikiwa nimesimama.

Kigongo nimefika kwenye saa mbili. Sisi tuliosoma ng'ambo ya ghuba tunaikumbuka foleni ya kivuko pale: basi linazima injini, watu wanashuka, unanunua samaki wa kukaanga, unamaliza, unanunua mwingine, kivuko bado kiko ng'ambo. Daraja limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za zege juu ya maji. Mwenye gari anavuka kabla wimbo haujaisha. Mimi nilikuwa na haki ya kwenda taratibu, na nilitaka picha.

Hapo ndipo nilipojiharibia. Nimeiegemeza baiskeli kwenye jiwe kabla ya kuingia darajani, nimepiga hatua nne, nasikia *kwaa*. Imelalia upande wa kulia, yaani upande wa cheni. Nimeinua, nimefuta vumbi, nimekagua usukani, nimekagua breki, nimekagua hadi matobolwa. Kale kamkono ka nyuma kanakohamisha cheni sikukaangalia kabisa.

Daraja nimevuka kwa raha zote, sitaki kudanganya. Upepo unakuja kwa ubavu, maji huku na huku, mitumbwi chini midogo kama maganda ya njugu. Sehemu nyingine nilishuka nikakokota tu ili nisimalize haraka.

Baada ya Busisi kuna mwinuko. Si mkali sana, ila umenyooka, unauona wote tangu chini. Nikaanza kushusha gia: ya tatu, ya pili. Nikabonyeza ya kwanza. Ule mkono ulikuwa umepinda kwa ndani kidogo tangu Kigongo, na gia ya kwanza ndiyo inayousogeza karibu kabisa na spoku. Ukaingia. Nikasikia sauti kama mtu anavunja kuni, gurudumu likagoma, nami nikasimama wima katikati ya kilima kama mlingoti. Kwa sababu nilikuwa naenda mwendo wa konokono sikuanguka. Spoku mbili zimekatika, mkono umejikunja nyuma ya gurudumu, cheni imejisokota kama utumbo wa kuku.

Saa nne asubuhi, baiskeli haisukumiki. Nimeibeba nyuma, gurudumu la mbele ndilo linatembea.

Naitwa kula. Nitaendelea.

---

Bakuli (#2)

Picha ziko wapi? Umeangusha baiskeli kwa ajili ya picha halafu unatuwekea maandishi.

---

Fundi Gololi (#3)

Ngosha, umenikumbusha machungu. Kila wiki naletewa baiskeli ya namna hiyo na kila mteja anasema "imejivunjia tu". Hakuna inayojivunjia. Kwenye baiskeli ya gia, upande wa kulia haulali chini hata siku moja. Unailaza kushoto, unaiegemeza kushoto, kwenye basi unaipakia kushoto ikiwa chini. Na ikianguka kulia, kabla hujapanda simama nyuma yake, chuchumaa, tazama ule mkono na zile gurudumu zake mbili ndogo. Zinatakiwa zisimame mstari mmoja na sproketi za nyuma. Zikiinamia spoku, usiiguse gia ya kwanza hadi umenyoosha. Hata kwa mkono unaweza kuurudisha kidogo, chuma cha baiskeli za bei rahisi ni laini.

Nasubiri kusikia umetokaje. Nahisi kuna mzee chini ya mwembe anakuja kwenye hadithi.

---

Mama Nyakato (#4)

Hongera kaka. Maswali mawili kabla hujaendelea. Maji lita tatu kwa jua lile yalikutosha? Na sisi akina dada tunaweza njia hiyo peke yetu? Mimi huwa naishia Kisesa na kurudi, zaidi ya hapo mume wangu anapiga simu kila dakika kumi, kupokea kwenyewe ni kusimama kila dakika kumi.

---

Ngosha wa Mkolani (#5)

Fundi Gololi umeotea, ila ulikuwa mkungu, si mwembe.

Nimekokota kama nusu saa hadi kwenye senta ndogo: maduka matatu, mashine ya kusaga, na mzee mmoja kwenye kigoda. Mbele yake kuna gunia limetandikwa, juu ya gunia kopo la gololi, nyundo, misumari, beseni la maji ya kutafutia pancha. Nikamsalimu, "Mwangaluka, baba." Akajibu bila kuniangalia, macho yako kwenye lile gurudumu la nyuma. Akalizungusha kidogo. Akasema, "Hii ilianguka."

Sikubisha.

Akauliza naenda wapi. Nikamwambia Sengerema, halafu Kamanga. "Leo?" Leo. Akaniangalia miguu. Akaniambia ule mkono haufai tena, hana wa kunipa, na hata Sengerema sina uhakika wa kupata unaolingana. Lakini baiskeli itatembea. Ataitoa mfumo wote wa gia, atakata cheni, nitabaki na gia moja. Swali ni ipi.

Mimi kwa woga nikasema ile kubwa kabisa ya nyuma, ya kupandia. Akacheka. "Hiyo utapanda vyote. Kwenye tambarare utakanyaga kama cherehani, na Kamanga utafika kesho." Akaniuliza kilima gani nakijua huko mbele. Sikijui hata kimoja. Yeye anavijua vyote, kwa sababu kabla ya kuwa fundi alikuwa anabeba nanasi kupeleka kivukoni kwa baiskeli. Akaanza kunihesabia kwa vidole: hapa utapanda umekaa, hapa utasimama kwenye pedeli, hapa utashuka usukume, "na usione aibu, na mimi nilikuwa nasukuma." Alipofika kidole cha nne alikuwa ameshachagua: mbele sproketi ya katikati, nyuma ya tano kuanzia ndogo. Nimehesabu meno baadaye nyumbani, 34 mbele na 22 nyuma.

Nikamuuliza kwa nini asinirushie angalau ile yenye meno 24, imeizidi kidogo tu. Akainama, akafumba jicho moja, akaniambia na mimi niangalie. Ukitazama kwa nyuma, sproketi ya katikati mbele inakaribia kunyooka na zile za katikati nyuma. Ukienda pembeni zaidi cheni inapinda, na kwa kuwa hakuna mkono wa kuishika itapanda kwenye sproketi ya jirani yenyewe. Ikipanda kwenye kubwa inakaza mpaka gurudumu linagoma.

Kazi yenyewe ningeweza kuitazama siku nzima. Hakuwa na kile kifaa cha kukatia cheni. Aliweka nati kubwa juu ya jiwe, akalaza cheni hapo, pini ikae juu ya tundu la nati, akaweka msumari uliochongwa ncha bapa, akagonga. Mara tatu ndogo, moja kubwa. Pini ikashuka, lakini haikutoka yote, ikabaki imening'inia kwenye ukuta wa nje wa cheni. Akaniambia, "Ikitoka yote umepoteza nusu saa kuirudisha." Alipopima urefu, akazungusha kipande kwenye sproketi zote mbili, akakata cha pili, akagonga pini kurudi ndani kwa upande wa pili, halafu akaichezesha ile pingili kushoto na kulia hadi ikalegea.

Ekseli ya nyuma kwenye fremu yangu inakaa kwenye mkato uliolala, kwa hiyo akavuta gurudumu nyuma kwa kabari ya mti hadi cheni ikakaza, akafunga nati. Akaibonyeza cheni kwa kidole katikati: inacheza kama upana wa kidole, si zaidi. Spoku zilizokatika akazitoa, moja akaziba kwa spoku ya zamani kutoka kopo lake, ile nyingine hakuwa na urefu wake. Gurudumu likabaki linanesa, akanilegezea breki ya nyuma isisugue. Waya wa gia akauviringisha kwenye fremu kama mzabibu.

Saa moja na nusu. Akataka shilingi elfu tatu. Nikampa tano, na matobolwa.

---

Fundi Gololi (#6)

Mzee huyo ni fundi haswa. Nina jambo moja tu la kubishana naye: baiskeli yenye ule mkono mzima ungeweza kuuacha kama mvutaji wa cheni, unaufunga usihame, unakuwa na gia moja yenye kukaza yenyewe. Lakini wako ulikuwa kwenye spoku, basi hana kosa. Na mkato uliolala ndiyo bahati yako. Fremu nyingi za siku hizi mkato umesimama, huwezi kuvuta gurudumu nyuma, cheni inaning'inia kama kamba ya nguo.

Kwa wanaopenda hesabu. Meno 34 kwa 22, tairi inchi 26: pedeli ikizunguka mara moja baiskeli inasogea kama mita 3.2. Gia yake ya kwanza ya zamani, kama ni 24 mbele na 28 nyuma, ilikuwa inamsogeza mita 1.8 hivi. Kwa hiyo kila kilima kimekuwa kizito karibu mara mbili. Ndiyo maana mzee alikuwa anahesabu vilima kwa vidole.

---

Kambarage Boy (#7)

Fundi, umesahau wazee wetu wa Phoenix. Nimetoka uani sasa hivi kuhesabu: ya marehemu baba ina meno 48 mbele na 20 nyuma, tairi inchi 28. Piga hesabu, mzunguko mmoja ni zaidi ya mita tano. Na kwa gia hiyo moja nzito watu wamebeba pamba, wamebeba mkaa, wamebeba wagonjwa. Kwetu Shinyanga baiskeli za abiria tulikuwa tunaziita daladala, keria imefungwa mto wa sponji, abiria anakaa upande kama malkia. Sisi hatukuwa na vilima, lakini tulikuwa na mchanga na upepo.

Halafu kitu kimoja Ngosha, ulizunguka kinyume. Panda kivuko asubuhi, anza na Kamanga kwenda Sengerema upepo ukiwa bado umelala. Ulivyofanya wewe nina uhakika mchana ulikula vumbi usoni.

---

Mtu wa Busia (#8)

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa, Kenya. Kambarage, nyinyi mliita daladala, huku kwetu mpakani Busia waliita boda boda, na ilianza na baiskeli, sio pikipiki. Kati ya mpaka wa Kenya na ule wa Uganda kuna kipande mtu alikuwa akitembea na mizigo, vijana wakawa wanaita abiria "boda! boda!". Pikipiki zilikuja baadaye zikachukua jina na wateja. Mjomba wangu alisomesha watoto wanne na keria.

Ngosha endelea bana.

---

Jiwe Kuu (#9)

Sasa mkuu, nauli ya Hiace hadi Sengerema imekushinda au ni nini? Mtu mzima na familia yake unabeba baiskeli mgongoni saa nne asubuhi.

---

Ngosha wa Mkolani (#10)

Jiwe Kuu, nauli ipo. Kwenye Hiace ningeiona shingo ya konda tu.

Kambarage, umenipata. Nimekula upepo mpaka nimeshiba, nakuja hapo.

Kuanzia kwa mzee hadi Sengerema nilijifunza baiskeli upya. Mwenye gia nyingi anafika chini ya kilima ndipo anaanza kufikiri. Mwenye gia moja anaanza kufikiri kilima kikiwa bado mbali: kama kuna mteremko kabla yake unaachia breki zote, unajikunja, unaingia kwenye mwinuko na kasi, na theluthi ya kwanza unapata bure. Halafu unakaa hadi goti linaanza kulalamika. Halafu unasimama. Mapema kabla hujamalizika unashuka. Nilichelewa kushuka mara mbili, nikatetemeka miguu dakika tano. Mara ya tatu nimeshuka nikiwa bado na pumzi, nikasukuma nikipumua vizuri, na juu nikapanda nikaondoka moja kwa moja. Ukilinganisha muda tofauti ni ndogo sana. Nilikuwa nimezoea kuona kusukuma ni kushindwa, siku ile ikawa ni gia ya pili.

Kwenye kilima kimoja nilikuwa nasukuma sambamba na kijana mwenye magunia mawili ya mkaa. Mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye fimbo aliyoipachika nyuma ya siti, mwili wote umelala mbele. Tukazungumza kupanda kote. Aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia nimebeba maji. Akauliza nauza wapi. Tulipofika juu akapanda mzigo wake, akateremka akiwa ameweka soli ya kandambili juu ya tairi la nyuma, moshi kidogo unatoka. Breki za fimbo anazo, lakini alisema hizo ni za barabarani mjini. Mimi na breki yangu ya nyuma iliyolegezwa nilikuwa nateremka kwa adabu: ya mbele kwa kupapasa, nabana naachia, nabana naachia, rimu isipate moto na nisirushwe juu ya usukani.

Sengerema saa nane kasoro. Ugali, sato wa mchuzi, mchicha, na nanasi zima nilikatiwa vipande kwenye nailoni. Hapo nilikosea kosa la pili la siku: nimekula kama mtu aliyefika. Nusu saa ya kwanza baada ya hapo tumbo lilikuwa linapanda vilima vyake lenyewe.

Kutoka Sengerema kwenda Kamanga nilipita kwenye vumbi na changarawe kwa sehemu kubwa, magari machache, na mandhari ambayo siwezi kuieleza vizuri: mawe makubwa yamebebana katikati ya mashamba ya muhogo, mbuzi wamesimama juu kabisa, na kila ukipanda mahali kipande cha ziwa kinachungulia. Katunguru nilijaza maji. Upepo ulikuwa umeshaanza. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda juu, ile ya ziwani inakuja kujaza nafasi, na mimi nilikuwa naelekea kule inakotoka. Kwenye gia nyingi ungeshusha moja ukaendelea na habari zako. Kwenye gia moja, upepo ni kilima kisicho na kilele. Kuna tambarare nzuri kabisa pale niliipita kwa kusukuma, watoto wakaniuliza kama baiskeli imekufa.

Lakini sikukanyaga kama cherehani, na cheni haikuruka hata mara moja. Mzee alipima vilima, akapima na mimi.

Kamanga karibu saa kumi na mbili kasorobo. Kwenye kivuko nimesimama katikati ya ng'ombe wawili na gari la mikate, baiskeli nimeilaza kushoto (Fundi Gololi, kushoto), Mwanza inakuja na mawe yake na taa zinaanza kuwaka mlimani. Kutoka mjini hadi Mkolani sikumbuki vizuri.

Bakuli, picha: nina tatu. Mbili za daraja, moja ya kidole changu.

---

Mama Nyakato (#11)

Kaka hukujibu la akina dada, ila nimeona mwenyewe kwamba la muhimu ni kutegemea mafundi wa njiani, na hao wanasaidia yeyote. Nitakwenda, na mume wangu nitamwachia uzi huu asome.

Nisaidie kuongeza kitu kimoja, mimi ni muuguzi. Maji matupu lita tatu kwa siku ya jua na vilima hayatoshi, na si kwa wingi tu. Jasho linatoka na chumvi. Ile mitetemeko ya miguu uliyosema huenda ilikuwa uchovu na njaa, lakini ukinywa maji matupu mengi siku nzima bila chumvi unaweza kuumwa kichwa na kichefuchefu ukadhani ni jua. Mchanganyiko ule ule tunaofundisha akina mama kwa watoto wanaoharisha unafaa: lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo sita vya kufutia, chumvi nusu kijiko kidogo. Onja, chumvi isizidi ya machozi. Chupa moja iwe hiyo, nyingine maji. Na kula kidogo kidogo kila saa, usisubiri Sengerema. Nguvu iliyohifadhiwa kwenye misuli, ukikanyaga kwa bidii, inaanza kuisha baada ya saa moja na nusu au mbili.

Kingine kwa wote: mkifika ziwani na joto lile msiingize miguu kupoza. Kichocho. Minyoo yake inapenya kwenye ngozi ukiwa umesimama tu majini, na mwambao wetu umejaa konokono wanaoibeba. Poza miguu kwa maji ya chupa.

---

Ngosha wa Mkolani (#12)

Dada, asante. Na nikiri kwamba Busisi nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja. Mvuvi akaniuliza kama nimechoka kukojoa vizuri. Nikakivaa.

---

Mhaya wa Kanyigo (#13)

Mnaita hivyo vilima? Njooni Kagera. Muleba hadi Bukoba, kupitia Kemondo, mgomba kushoto, mgomba kulia, barabara inapanda, inashuka, inapanda tena kwa sababu imesahau kitu. Njooni Novemba mle senene. Ngosha ukija na hiyo gia moja tutakuwekea mtu wa kukusukuma, bure.

---

Jiwe Kuu (#14)

Nimesoma yote. Hiyo baiskeli ya mtumba Mlango Mmoja inauzwaje?

---

Fundi Gololi (#15)

Jiwe Kuu karibu kundini. Zinategemea hali, ila kabla hujalipa igeuze juu chini, zungusha gurudumu, angalia kama rimu inanesa, na tazama ule mkono kwa nyuma. Ukiona umeinamia ndani, punguza bei au hamisha macho.

Ngosha, mkono wa mtumba wa gia saba ninao hapa. Njoo na baiskeli.

---

Nanasi (#16)

Mimi ni wa Sengerema. Jana nilikuwa narudi kutoka Usagara, nikaona ule mkungu, mashine ya kusaga, mzee kwenye kigoda. Nikasimama. Nikamuuliza kama kuna mtu alipita na baiskeli ya gia iliyovunjika. Akasema, "Yule wa matobolwa." Nikamsomea sehemu inayomhusu, pale pa cherehani akacheka mpaka akakohoa. Hakubaliani na kitu kimoja: anasema ulimwambia unaogopa vilima vyote, na hilo hukuliandika.

Amesema pia ukipita usidai kile kipande cha cheni alichokata. Ameshakifunga kwenye baiskeli ya mjukuu wake, na ile gurudumu ndogo ya mkono wako uliovunjika ndiyo mtoto anaiburuza kwa kamba uwanjani.

---

Ngosha wa Mkolani (#17)

Ni kweli nilisema vyote.

Fundi Gololi, huo mkono usiuze, lakini usinihesabie wiki hii. Jumamosi naenda Kisesa hadi Bujora na kurudi, nataka niende na hii hii.

---

Bakuli (#18)

Weka hiyo picha ya kidole.